Umeme na mbwa: alichojifunza si ulichomfundisha

Jirani yangu alinunua kola ya umeme kwa sababu ya kuku. Mbwa wake Simba, chotara wa kahawia mwenye kifua kipana, alikuwa amemaliza matetea manne kabla mwezi haujaisha, na mama mwenye nyumba alikwisha sema wazi: akifa wa tano, mbwa naye aondoke. Kola ikafika na rimoti yake ndogo, kitufe chekundu, namba kutoka 1 hadi 100. Akamvisha, akakaa barazani kumvizia. Haikupita nusu saa, tetea akakatiza uwanja kuelekea bombani, Simba akachomoka nyuma yake, jirani akabonyeza.

Wakati ule ule binti yake wa miaka tisa alikuwa anatoka bombani na dumu la njano. Mbwa alilia mara moja, akajikunja kama aliyeng'atwa na nyuki shingoni, na alipoinua kichwa macho yake yalitua kwa mtoto na dumu lake.

Wiki mbili baadaye jirani alinijia usiku, uso wa mtu aliyekosa usingizi. "Jirani, njoo unisaidie. Kuku bado anawakimbiza nikiwa sipo. Lakini mtoto akishika dumu tu, huyu mbwa anamtolea meno."

Simba hajaharibika akili. Amejifunza kama mbwa wote wanavyojifunza. Mbwa hajui umeme ni nini, wala hajui kwamba mtu aliyekaa barazani ana kitu mfukoni. Anachojua ni kwamba maumivu yamekuja, na kwamba yalipokuja mbele yake palikuwa na kitu fulani. Kitu hicho ndicho anachokibebesha lawama. Kinaweza kuwa kuku, kinaweza kuwa dumu, mtoto, pikipiki inayopita au sauti yako ukimwita jina. Wewe huchagui. Anachagua yeye, tena ndani ya sekunde moja au mbili.

Ukilishika hilo, mengi yanayobishaniwa kuhusu fensi za umeme na kola za umeme yanafunguka yenyewe. Watu huviweka vitu hivi kapu moja kwa kuwa vyote vinapiga shoti, lakini kwa mbwa ni vitu viwili tofauti kabisa. Fensi haihami. Haina hasira, haibadiliki leo na kesho, na mbwa akirudi nyuma hatua moja inamwacha. Kola iko shingoni mwake popote aendapo, na makali yake yanategemea mkono wa mtu mwingine, hasira yake na macho yake.

Volti elfu nane zisizoua, volti 230 zinazoua

Nianze na fensi, kwa sababu hapa ndipo watu na mbwa wanapopoteza maisha kwa jambo linaloepukika.

Fensi ya usalama juu ya ukuta wa nyumba huwa na volti 5,000 hadi 10,000. Soketi ya ukutani ina 230. Halafu soketi ndiyo inayoua. Siri iko kwenye muda. Mashine ya fensi, ambayo mafundi huiita enajaiza, haipeleki umeme mfululizo. Inatoa pigo moja, inanyamaza kwa takriban sekunde nzima, inatoa jingine. Ndiyo ile "tik, tik" unayoisikia ukipita karibu. Pigo lenyewe hudumu chini ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kiwango cha kimataifa cha mashine hizi, IEC 60335-2-76, hakiruhusu pigo moja kubeba zaidi ya juli 5 za nishati likipitishwa kwenye ukinzani (kile kinachozuia umeme kupita) wa omu 500. Kwa hiyo linauma sana, ila katikati ya pigo na pigo misuli inalegea na mnyama anapata nafasi ya kujitoa.

Umeme wa soketi hautoi nafasi hiyo. Unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde bila kupumzika, misuli inakaza, mkono au taya linaganda kwenye waya, na moyo unavurugika. Mtu anayevuta waya kutoka kwenye soketi na kuufunga kwenye seng'enge ili kuokoa bei ya enajaiza hajatengeneza fensi. Ametengeneza mtego wa kuua, na utamuua mbwa wake, mtoto wa jirani anayefuata mpira, au yeye mwenyewe asubuhi ya mvua. Hakuna namna ya kufanya hilo kwa usalama, hata kwa "kupunguza kidogo" na balbu au vifaa vya kubuni. Ukiiona fensi ya namna hiyo mtaani, mwambie mwenye nyumba usoni, na asiposikia mwambie mwenyekiti wa mtaa.

Baada ya mashine inakuja ethi, yaani nondo za chuma zinazozamishwa ardhini, na hapa wengi wanakosea bila kujua. Mkondo hutoka kwenye mashine, hupita kwenye waya, huingia kwa mbwa kupitia pua, hushuka hadi kwenye nyayo, huzama ardhini na kurejea kwenye mashine kupitia nondo za ethi. Ndege akitua juu ya waya hapati kitu, kwa kuwa hagusi ardhi na njia haijakamilika. Sasa fikiria kiangazi. Udongo umekauka, nondo ya ethi ni moja tu na fupi, mkondo haurudi vizuri. Mbwa anagusa waya, anasikia kitu kama mchomo wa mwiba, anapita. Keshajifunza kwamba fensi inapitika. Mwenye nyumba anaona fensi haina nguvu, ananunua mashine kubwa zaidi. Kisha masika yanaingia, ardhi inalowa, na mbwa yule yule anayepita kwa mazoea anakutana na pigo ambalo hajawahi kulisikia maishani, kichwa kikiwa tayari upande wa pili. Dawa haikuwa mashine kubwa. Ilikuwa nondo za ethi tatu au zaidi, zilizozama vizuri, zikiachana mita kadhaa, majani kufyekwa yasiguse waya, na kipimo cha volti cha kupitisha kwenye fensi kila wiki, kiangazi na masika.

Nimeandika "kichwa kikiwa upande wa pili" kwa makusudi. Mbwa akipigwa puani huruka nyuma. Akipigwa shingoni au begani, kichwa kikiwa kimeshapita, huruka mbele, na kama nafasi kati ya waya na waya ni finyu anaweza kukwama na kupigwa kila sekunde hadi aokolewe. Kwa hiyo waya unaomhusu mbwa uwe usawa wa pua yake anaponusa. Nyavu za umeme zinazotumika kuzungushia kondoo na kuku kwa muda ni hatari zaidi, kwani mbwa mdogo anaweza kujiviringa humo akashindwa kutoka. Kama una watoto wa mbwa, usiziwashe mahali wanapofika.

Kwa nyumba nyingi za mjini swali hili halipo kabisa, kwa kuwa waya ziko juu ya ukuta wa mita mbili na mbwa hazifikii. Linaanza pale unapozungusha shamba la mahindi, zizi au banda la nguruwe, na mbwa anaishi humo humo. Hapo mbwa atakutana na waya siku moja, upende usipende. Heri akutane nao mkiwa mmejiandaa: mchana, ardhi ikiwa na unyevu wa kawaida, volti zimepimwa, utepe mweupe umefungwa kwenye waya ili auone kwa macho na si kuukuta gizani. Mfungue au mwachie kamba ndefu iliyolegea, kisha kaa kimya. Usimwite, usimwonyeshe, usimsukume. Akinusa na kupigwa, atalia na kukimbia. Mwache akimbilie ndani, na usimfuate kwa kelele wala kwa kucheka. Ukimwita dakika ile, sauti yako itaingia kwenye kumbukumbu pamoja na maumivu, na kesho ukimwita hatakuja. Kwa mbwa wengi mara moja au mbili zinatosha, na baada ya hapo mbwa huweza kukaa miaka bila kugusa tena. Huu ndio uungwana wa fensi: inasema neno lile lile, mahali pale pale, kila siku.

Kabla sijaiacha fensi, kuna mnyama mmoja ambaye fundi hamfikirii. Kakakuona, yule ambaye akionekana kijijini watu humkusanyikia aagulie mwaka, hutembea kwa miguu ya nyuma, tumbo lake lisilo na magamba likitazama mbele. Akigusa waya wa chini hufanya anachojua kufanya mbele ya hatari: anajiviringisha. Anajiviringisha juu ya waya, na pigo linaendelea kila sekunde mpaka afe. Afrika Kusini watafiti wameorodhesha vifo vingi vya namna hii, na vya kobe pia, ambaye huingiza kichwa ndani ya gamba na kubaki palepale. Mbwa mkubwa pua yake iko juu ya sentimita 30. Hakuna sababu ya kuuweka waya wa chini kabisa chini ya hapo kwa ajili yake.

Uzio usioonekana

Kuna aina nyingine inayouzwa sana Marekani, na sasa inafika kwetu kupitia maduka ya mtandaoni. Ilianzia Pennsylvania mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa mfanyabiashara msafiri Richard Peck, aliyeumizwa na mbwa aliowaona wamegongwa na magari barabarani. Waya unafukiwa kuzunguka uwanja, unatoa mawimbi ya redio, na kola ya mbwa inayapokea. Akikaribia mpaka, kola inalia, akiendelea, inampiga. Bendera ndogo huchomekwa kwenye mpaka kwa wiki za mwanzo ili ajifunze kwa macho.

Nia ilikuwa njema. Lakini uzio huu unamzuia mbwa wako tu. Haumzuii mbwa koko mwenye kichaa cha mbwa, haumzuii mwizi wala fisi, na katika nchi ambamo kichaa cha mbwa bado kinaua watu, hilo peke yake lingenitosha kuukataa. Kisha kuna lile la dumu la njano. Mbwa anakwenda mpakani kwa sababu ameona kitu, na mara nyingi kitu hicho ni mtu anayepita. Anapigwa akimtazama mpita njia. Mara tano, mara kumi, na mbwa aliyekuwa akitikisa mkia anaanza kubweka kwa hasira. Akimwona paka akavuka kwa kasi, anavumilia shoti moja na kutoka. Kurudi nyumbani taratibu kunamtaka avumilie nyingine, basi anabaki nje.

Kitufe mkononi

Sasa kola ya rimoti. Nilipoishika ile ya jirani yangu, niliibana kwenye kiganja changu na kubonyeza namba 10. Niliisikia kidogo. Nikalowesha kiganja, namba ile ile, na nikaiachia. Si mawazo yangu tu. Watafiti wa Uingereza waliopima kola hizi na kuchapisha matokeo mwaka 2013 walikuta ukinzani kati ya meno mawili ya kola, yale yanayogusa ngozi na kupitisha shoti, kwenye shingo ya mbwa mkavu ni takriban kiloomu 640, na kwa mbwa aliyelowa takriban 10. Nguvu ya pigo moja kwenye kiwango cha juu ilitofautiana kutoka milijuli 3.3 kwa aina moja hadi 287 kwa aina nyingine. Kwa maneno mengine, "namba 40" haina maana yoyote mpaka ujue kola gani, mbwa gani, na kama amepita kwenye umande.

Kuhusu kama zinamdhuru mbwa, utafiti unaonisaidia zaidi kufikiri ni wa Hannover, Ujerumani, uliochapishwa mwaka 2007. Mbwa 14 wa aina ya Beagle waligawanywa makundi matatu. Kundi la kwanza walipigwa pale tu walipogusa windo la bandia. La pili walipigwa walipoitwa wakakataa kuja. La tatu walipigwa ovyo, bila kujua kwa nini. Wakapimwa kotisoli, homoni ya msongo, kwenye mate. La tatu ndilo lililoteseka zaidi, likafuatiwa na la pili. La kwanza, ambao waliona wazi kitu gani kinaleta maumivu, hawakuonyesha ongezeko la kuhesabika. Soma hapo taratibu. Mbwa aliumizwa na kutoelewa kuliko alivyoumizwa na volti. Na sasa jiulize mwenye mbwa wa kawaida, mwenye hasira za kuku wanne, akiwa mita thelathini na jua machoni, atabonyeza kwa usahihi wa maabara mara ngapi kati ya kumi.

Chuo Kikuu cha Lincoln kilichukua mbwa 63 wenye tatizo la kukimbia na kutosikia mwito, wengine wakafundishwa kwa kola na wengine kwa zawadi. Matokeo ya mwaka 2014 yalionyesha kola haikuleta faida ya ziada, na mbwa waliovaa walionyesha dalili zaidi za msongo. Sitaficha upande wa pili: mwaka 2024 watafiti wa Arizona State University waliripoti kwamba kola iliwaachisha mbwa kukimbiza windo la bandia haraka kuliko mafunzo ya chakula waliyoyatumia, na wakosoaji wakajibu kwamba mafunzo hayo ya chakula hayakupangwa vizuri. Mjadala haujafungwa.

Na kuna mahali ambapo hata mimi nabaki kimya. Nyuzilandi ina kiwi, ndege asiyeruka, mwenye kifua dhaifu kiasi kwamba mbwa humuua kwa kumshika tu. Mwaka 1987 katika msitu wa Waitangi mbwa mmoja aliyeachwa huru aliua kiwi 13 kati ya 24 waliofungwa vifaa vya redio vya kuwafuatilia, na makadirio ni kwamba katika msitu mzima aliua 500 hivi kati ya 900. Leo mbwa wa wawindaji hupitishwa kwenye mafunzo ya kumkwepa kiwi, kola ikitumika mara chache sana mikononi mwa mtu aliyefundishwa, mbele ya harufu ya kiwi na si kitu kingine. Hapo kuna jambo moja, wakati mmoja, na sababu kubwa. Ni mbali mno na kola ya kila siku ya kumfundisha mbwa "kaa" na "njoo".

Nchi nyingine zimeamua. Wales ilipiga marufuku mwaka 2010, pamoja na uzio usioonekana. Ujerumani mahakama ya juu ya utawala ilifunga mlango mwaka 2006, Uholanzi mwaka 2022. Kwetu, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Tanzania Na. 19 ya 2008 na Sura ya 360 ya sheria za Kenya zinakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na mtu anayemfunga mbwa siku nzima kola ya kubweka, ile inayompiga kila anapobweka, ajue yuko karibu na mstari huo. Kola hiyo ya kubweka kwa mbwa wa ulinzi siielewi hata kidogo. Umemleta abweke.

Atakayeitumia pamoja na yote haya, basi asimvishe mbwa mwoga, mkali kwa watu, au aliye chini ya miezi sita. Aivue baada ya saa chache, maana yale meno mawili yakikandamiza sehemu moja kutwa nzima hutoboa ngozi, na kidonda chake huonekana kama kuungua kumbe ni ngozi iliyooza kwa mgandamizo. Ajipime kwanza kwenye ngozi yake mwenyewe. Na asibonyeze kamwe akiwa na hasira.

Jirani yangu na Simba

Tulianza kwa kuivua. Kisha kuku, kwa sababu tatizo la kuku lilikuwa la banda na si la mbwa: matetea walikuwa wanazurura uwanjani kutwa. Jirani alinunua wavu na miti, akazungusha banda siku mbili. Simba alihasiwa na daktari wa mifugo, na badala ya kufungiwa kibandani mchana kutwa, sasa anatembezwa alfajiri kwa kamba ya mita kumi. Njiani wanapita kwenye kuku wa watu. Simba akiwatazama kuku halafu akamgeukia mwenye kamba, anapata kipande cha bandama iliyochemshwa, pale pale, kabla hajafikiria jambo jingine. Siku za kwanza hakugeuka hata mara moja. Wiki ya tatu alikuwa anageuka mwenyewe.

Dumu lilikuwa gumu zaidi. Tuliliweka mbali, hatua arobaini, halina mtu, na bandama ikitoka kila alipolitazama bila kukaza mgongo. Hatua thelathini. Ishirini. Mvua iliponyesha wiki nzima tukarudi nyuma hadi thelathini, sijui kwa nini. Binti hakuhusishwa kabisa mpaka dumu lenyewe likawa si kitu. Halafu akaanza kusimama nalo mbali, mama yake pembeni, mbwa kwenye kamba, na yeye ndiye anayerusha bandama. Jumamosi iliyopita alipita nalo tupu umbali wa hatua nane. Simba alisimama, masikio nyuma, akamtazama mtoto, akaketi. Likiwa limejaa na maji yanachuruzika bado hatujajaribu.